Goti la Emiliana na Ngoma Iliyotekwa

Bao lililomuumiza Emiliana Chilewa goti lilikataliwa na mwamuzi, na hilo ndilo lililomuuma kuliko goti lenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya bonanza la watumishi, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ofisi za serikali pale Chamwino. Emiliana, mtunza masjala mwenye umri wa miaka arobaini na minane, alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya idara ya utawala. Zilikuwa zimebaki dakika mbili, na utawala walikuwa nyuma ya idara ya afya kwa bao moja. Mpira ukaja juu. Emiliana akaurukia pamoja na mlinzi wa afya, binti wa miaka ishirini na mitatu mwenye miguu mirefu kama korongo. Binti alitua kwa miguu miwili. Emiliana alitua kwa mmoja na nusu. Goti la kulia lilikunjika kwa ndani, likalia ko, naye akajikuta amekaa chini na mpira bado mkononi. Kwa kuwa mpira ulikuwa mkononi na pete ilikuwa juu yake, akaurusha. Ukaingia.

"Halihesabiki," mwamuzi akasema. "Sheria inataka usimame kwanza."

"Nisimame na nini?" Emiliana akamuuliza.

Uwanja mzima ulicheka, na yeye mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka, asijue yapi ni ya kicheko na yapi ni ya goti. Binti aliyeruka naye ndiye aliyemfunga bandeji, maana alikuwa muuguzi, na kila alipoizungusha bandeji Emiliana alimkumbusha kwamba bao lilikuwa halali. Aliondoka uwanjani akiwa amebebwa na watu wanne, akibishana nao wote.

Jumapili asubuhi goti lilikuwa limevimba kama boga, na bao likamtoka akilini. Alikumbuka jambo lingine, akakaa kitandani wima.

Binti yake, Sidonia, alikuwa anaolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilipangwa kufanyika nyumbani Mvumi, na siku ilikuwa imekwisha kutangazwa kanisani: Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata, wiki sita kasoro siku moja. Na katika sendofu hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo halikuhitaji kikao wala mchango. Emiliana angeipiga ngoma. Yeye ndiye aliyekuwa mbele ya kikundi cha wanawake tisa wa muheme, na ngoma kubwa ilikuwa yake, aliyoachiwa na mama yake. Siku Emiliana alipoolewa, mama yake aliipiga ngoma hiyohiyo mpaka ngozi ikapasuka, na hadithi hiyo ilikuwa bado inasimuliwa Mvumi na watu ambao siku hiyo walikuwa hawajazaliwa.

Sasa, muheme haupigwi kama ngoma nyingine. Ngoma yenyewe ni ndefu, imebanwa kiunoni kama nyigu, na mwanamke huipiga akiwa amesimama, ameibana kati ya mapaja, magoti ndiyo yanayoishika. Bila magoti hakuna ngoma. Kuna kigogo kilichotobolewa tu.

Picha ya eksirei ilipigwa Jumatatu. Mifupa ilikuwa salama, lakini daktari aliyeisoma alitikisa kichwa alipolishika goti, akamwandikia rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa katika hospitali moja ya mjini Dodoma, aliyekuwa na kliniki kila Jumatano. Emiliana akahamia kwa Sidonia, aliyepanga chumba na sebule Area D, ili awe karibu. Shangazi yake Emiliana, Ruthu, alikuja kutoka Mvumi kumsindikiza. Ruthu alikuwa na miaka sabini na mmoja, alikuja na chupa ya mafuta ya kondoo, na hakuwa na desturi ya kunyamaza.

Jumatano saa nne asubuhi walikuwa kwenye benchi la korido, Emiliana amenyoosha mguu, magongo yameegemea ukuta. Ruthu alisoma maandishi ya mlangoni kwa sauti, polepole, kama alivyozoea kusoma masomo kanisani.

"Daktari Castory Kihwele." Akalisoma jina tena. "Kihwele. Emiliana, tumeletwa kwa Mhehe."

"Shangazi, punguza sauti."

"Nipunguze kwa nini? Hapa jirani kuna watu wanafuga mbwa. Ni vizuri wajue mapema."

Benchi zima likaangua kicheko. Mlango ukafunguka. Mwanamume mnene mwenye koti jeupe na miwani iliyoning'inia shingoni alichungulia nje, akawatazama mmoja mmoja.

"Nimesikia harufu ya mlenda," akasema. "Nikajua wagonjwa wangu wa leo ni Wagogo. Mbukwenyi."

"Mbukwa," benchi likaitikia salamu hiyo ya Kigogo.

"Shikamoo, bibi," akamwambia Ruthu.

"Marahaba, baba. Umeshakula leo, au mbwa wote wamekimbia?"

"Nimeacha wawili kwa ajili ya mchana. Karibuni ndani."

Anayeyajua mambo ya Wagogo na Wahehe haoni ajabu hapo. Babu zao walipigana sana, kisha wakachoka, wakabakiwa na utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ukalazimika kumkaribisha chakula. Anaweza kuja msibani kwenu na kulala mahali pa maiti. Anaweza kuchukua kitu chako na kuondoka nacho, nawe huna pa kushtaki, ila kukikomboa kwa masharti atakayoyataja. Mwenye kukasirika ndiye aliyeshindwa.

Ndani, daktari alimlaza Emiliana kitandani, akalishika shavu la mguu kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine.

"Legeza."

"Nimelegeza."

"Mama, hili si paja. Hii ni nguzo ya umeme. Legeza kabisa."

Emiliana alijitahidi, lakini kila mkono wa daktari ulipogusa, mguu wote ulikakamaa wenyewe. Alikuwa anaogopa, naye alijua kwamba anaogopa, na kujua huko hakukumsaidia. Daktari akaacha. Akamweleza kwamba goti lina kano zinazolishikilia ndani na nje kama kamba za hema, na kwamba anataka kujua kamba ipi imekatika, lakini misuli ikikaza hawezi kujua kitu, atakuwa kama mtu anayejaribu mlango uliopigwa komeo kwa ndani.

"Muda mwingine tunawalaza usingizi kwa ajili ya hili," akasema. "Bibi, huyu mwanao ana miaka mingapi?"

"Arobaini na nane."

"Na anacheza pete?"

"Anafunga," Ruthu akasema kwa fahari.

"Mimi babu yangu alisema Mgogo akinyoosha mkono juu, ujue anaomba. Sikujua kama anaweza kunyoosha mkono juu akafunga bao."

"Na mimi bibi yangu alisema," Ruthu akajibu bila kupumua, "kwamba Mhehe akishika mguu wa mtu mkae macho, maana huenda anaupima kama utaenea kwenye sufuria."

Emiliana alicheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamvunja vipande vipande, akafunika uso kwa kanga. Katika sekunde hiyohiyo daktari alivuta shavu la mguu kidogo, akalisukuma nje, akalisukuma ndani, akamaliza.

"Asante, bibi," akasema. "Umenisaidia kuliko sindano ya usingizi."

Habari zilikuwa nusu kwa nusu. Kano kubwa ya katikati ilikuwa nzima. Kano ya upande wa ndani ilikuwa imechanika, lakini si yote. Hakuhitaji kupasuliwa, endapo tu angeiacha ijiunge. Wiki sita hadi nane. Avae kifunga goti, afanye mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki, asikimbie, asiruke, asichuchumae, asigeuke ghafla akiwa amesimama kwa mguu huo. Kano ikichanika tena kabla ya kupona, basi watakutana chumba cha upasuaji, na baada ya hapo asimuulize habari ya pete wala ya kupanda ngazi.

Emiliana alisikiliza na kuandika kila neno kwenye daftari lake, kisha akaisoma ile orodha kimoyomoyo. Kukimbia, kuruka, kuchuchumaa, kugeuka. Ngoma haikutajwa. Moyo wake ukaruka kwa furaha ya mwanasheria aliyeona tundu. Akafunga daftari.

"Kazi ya ofisini ninaruhusiwa?" akauliza kwa upole.

"Ruksa, ukikaa."

"Asante sana, daktari. Shangazi, twende."

Ruthu hakuinuka. "Muulize ngoma."

"Shangazi."

"Daktari, mwanawe anaolewa baada ya wiki tano, na huyu ndiye anayepiga muheme. Amenyamaza makusudi. Namjua tangu ananyonya."

Daktari akavaa miwani yake. Hakuwa amewahi kuona muheme ila kwenye televisheni, na televisheni, alisema, haionyeshi magoti. Hakutaka kukataza kitu asichokijua wala kuruhusu kitu asichokijua. "Jumatano ijayo njoo na hiyo ngoma," akasema. "Unionyeshe inavyoshikwa. Uishike tu. Ndipo nitakapokujibu."

Wiki hiyo Emiliana hakulala vizuri kwa furaha. Aliifutia ngoma vumbi, akaipaka ngozi mafuta, na kwa kuwa mafuta yalikuwa yaleyale ya kondoo ya Ruthu, akalipaka na goti. Jumatano ngoma ilipanda bajaji kutoka Area D ikiwa imefungwa kanga, imekaa katikati yake na Ruthu kama abiria wa tatu. Mlinzi wa getini akauliza mgonjwa ni yupi, Ruthu akamwonyesha ngoma.

Korido ilikuwa imejaa, na daktari alikuwa bado yuko wodini. Kosa lilianzia hapo. Mzee mmoja wa Chilonwa, mkono wake ukiwa kwenye plasta mpaka begani, aliitambua ngoma ndani ya kanga kwa umbo lake.

"Mwanangu, hiyo ni muheme?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Ifungue tuione. Nimekaa hapa tangu saa moja nikitazama picha ya mifupa ukutani."

Emiliana akaifungua. Mzee akaisifu. Mwanamke mwenye magongo akaomba kuigusa. Mtu mwingine akauliza kama inalia bado. Emiliana alisema inalia, na kwa kuwa kusema tu si ushahidi, aliigonga mara moja kwa kiganja. Sauti ilikwenda mpaka mwisho wa korido, ikarudi. Baada ya hapo akaona ni busara ajaribu kidogo namna atakavyomwonyesha daktari, asije akababaika. Akasimama, akaegemeza magongo, akaibana ngoma kati ya mapaja. Goti halikuuma. Akapiga taratibu. Mzee wa Chilonwa alianza kuitikia kwa sauti nene huku akitikisa plasta yake, mwenye magongo akapiga magongo yake sakafuni, Ruthu akapiga vigelegele, na mtu aliyekuja kuondolewa chuma mguuni akasema kama hivi ndivyo hospitali ilivyo, yeye atakuja kila Jumatano.

Sasa jambo la muheme ni kwamba una mahali pa kuruka. Mapigo yanapanda, yanapanda, na yakifika pale, mstari wote wa wanawake unapaa pamoja na ngoma zao. Emiliana alifundishwa na mama yake akiwa na miaka tisa, na hakufundishwa mikono kwanza na miguu baadaye. Alifundishwa vyote pamoja. Mikono yake ilipofika pale, miguu haikumuuliza.

Alipaa.

Akiwa hewani, ndipo alipomwona daktari Kihwele amesimama mwisho wa korido na faili mkononi.

Akatua. Maumivu yalipita gotini kama cheche, akashika ukuta. Mzee wa Chilonwa akabaki mdomo wazi katikati ya neno.

Daktari alikuja polepole. Hakugomba. Alimsaidia kuingia ndani, akamlaza, akalishika lile goti muda mrefu, na safari hii hakuna aliyetania. Ruthu alikuwa amekaa akiwa ameufunga mdomo kwa kiganja chake mwenyewe.

"Una bahati," daktari akasema hatimaye. "Kano haijachanika zaidi. Ungetua kwa mguu mmoja, leo ningekuwa natafuta kitanda wodini."

"Sikukusudia kuruka, daktari."

"Najua. Nilikuwa nakutazama. Hukukusudia hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha." Akavua miwani. "Nikikukataza, utaniambia ndiyo, kisha utakwenda nyumbani ukajaribu kidogo tu. Si kweli?"

Ruthu alijibu kwa kutikisa kichwa juu na chini.

Daktari alinyanyuka, akaichukua ngoma, akaikumbatia kifuani kama mtoto.

"Basi mimi si daktari tena, ni mtani," akasema. "Ngoma hii nimeiteka. Itakaa chumba cha mazoezi, juu ya kabati. Ukombozi wake ni jogoo mmoja wa kienyeji, anayewika, na goti moja linalosimama. Jogoo peke yake simtaki."

"Daktari, hiyo ni ngoma ya mama yangu."

"Ndiyo maana nimeiteka hiyo. Ningeteka magongo yako ungejali?"

Emiliana akamgeukia shangazi yake apate wa kumtetea. Lakini Ruthu alikuwa ametoa mkono kinywani, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Amekuteka kihalali," akasema. "Ukikasirika umeshindwa. Yaya gwe, mama yangu wee, Mhehe huyu amelelewa."

Na Emiliana, aliyekuwa amekaribia kulia, alijikuta anacheka tena, kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa cha Abbasi, kijana wa Kisandawe kutoka Chemba, mpole wa sauti na asiye na huruma. Ngoma ilikaa juu ya kabati lake la mipira, imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya wa daktari: MATEKA. ASILISHWE MLENDA. Chini ya kabati hilo Emiliana alilala chali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mpira umebanwa kati ya magoti, akiubana na kuuachia huku anaitazama ngoma yake kutoka chini, jinsi mtu anavyotazama embe lililo juu ya mti wa jirani.

Abbasi alihesabu kwa Kisandawe. Lugha yao inalia mdomoni kama vijiti vikavu vinavyovunjika, na Emiliana hakuwahi kujua wamefika ngapi.

"Hiyo ilikuwa kumi?"

"Bado, mama."

"Ulisema kitu kama kumi."

"Kumi kwetu ni ndefu. Endelea."

Alijaribu kuhesabu mwenyewe kwa siri, lakini ile milio ilimchanganya, akawa anaanza upya kila mara. Wiki ya pili alitupa gongo moja. Wiki ya tatu alitupa la pili, akaingia kliniki kwa miguu yake, akamkabidhi daktari kifurushi cha mlenda mkavu kilichofungwa utepe mwekundu. Daktari akakiweka mezani mbele ya wanafunzi wake wa udaktari, akawaeleza kwa uso wa kazi kwamba hii ni dawa ya Kigogo ya kuteleza, na ndiyo iliyomwangusha mgonjwa. Jumatano iliyofuata Emiliana alimletea mnyororo mdogo wa mbwa. Ofisini Chamwino habari zilimfikia kila mtu, na wenzake masjala wakawa wanamsubiri Alhamisi asubuhi kama watu wanaosubiri taarifa ya habari.

Lakini siku zilikuwa zinapungua. Sidonia alikuwa ameshachukua gauni kwa fundi. Wale wanawake wanane wa kikundi walikuwa wanafanya mazoezi bila ngoma kubwa, na walipiga simu kusema inasikika kama wimbo wenye pengo la jino. Jumatano iliyofuata hiyo, siku kumi kabla ya sendofu, Emiliana alifika na jogoo kwenye kikapu. Jogoo aliwika mara mbili kwenye korido, kuthibitisha sharti la kwanza.

Daktari alimlaza. "Legeza."

Safari hii alilegeza mwenyewe. Daktari alisukuma, akavuta, akarudia, akamwita Abbasi naye aguse. Walitazamana juu ya goti lile.

"Kano imeshika," daktari akasema. "Haijapona yote. Kusimama na kuibana ngoma, naruhusu, ukiwa na kifunga goti. Kuruka, hapana. Hata mara moja. Sasa niambie kama daktari anayeuliza, si mtani. Unaweza kupiga bila kuruka?"

Emiliana alifikiri. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Aliyakumbuka yale mapigo, na mahali pale yanapofika, akajua hana uhakika.

"Sijui," akasema.

"Hilo ndilo jibu la kwanza la kweli nililopata kutoka Ugogoni," daktari akasema, na akamwambia Abbasi aishushe ngoma.

Abbasi alitandika karatasi mbili sakafuni, moja kwa kila unyayo. Sharti lilikuwa jepesi. Apige mpaka mahali pa kuruka na apapite, na karatasi zisisogee. Zikisogea, ngoma inapanda kabatini. Mara ya kwanza karatasi ziliruka mpaka chini ya kitanda, japo yeye hakuinuka zaidi ya kidole kimoja. Ngoma ikapanda. Ijumaa wakarudia, ikapanda mara tatu. Jumatatu ikapanda mara mbili. Emiliana alicheka, akakasirika, akakumbuka kwamba mwenye kukasirika ameshindwa, akacheka tena. Alijaribu kufumba macho. Alijaribu kupiga polepole, akaonekana kama mtu anayetwanga uwele mbichi. Ruthu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu kisicho na mwenyewe kwa sababu kilikuwa laini, alisema kwamba mtoto anayeota meno haambiwi asing'ate, anapewa kitu kingine cha kung'ata.

Emiliana akasimama akiwaza maneno hayo. Kisha akapiga tena. Mapigo yalipanda, yakafika pale, na miguu ilipotaka kwenda juu aliitupa nguvu yote mabegani, akaishusha kwenye ngozi kwa viganja vyote viwili kwa pamoja. Dirisha likatetemeka. Jogoo wa daktari, aliyekuwa bado amefungwa chini ya meza chumba cha pili, akawika.

Abbasi aliinama akatazama karatasi.

"Hazijasogea," akasema. "Rudia mara kumi." Na akaanza kuhesabu kwa Kisandawe.

Jumamosi ya sendofu Mvumi ilijaa watu. Wakwe walikuja na mabasi mawili madogo, turubai likatandazwa kutoka mti mpaka ukuta, MC akapoteza sauti kabla ya chakula. Emiliana alivaa shanga za mama yake shingoni, na kifunga goti cheusi kilichoonekana chini ya kanga yake nyeupe. Mtu mmoja wa upande wa bwana harusi aliuliza kama na chenyewe ni mapambo ya Kigogo, akajibiwa kwamba ndiyo, huvaliwa na waliotekwa vitani.

Walipoitwa, wanawake tisa waliingia kwa mstari, Emiliana katikati na ngoma kubwa. Walianza chini, taratibu. Sauti ya ngoma ile ilipopita kifuani mwake akiwa kati ya wenzake, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alijisikia kizunguzungu cha raha, akalazimika kutafuta kitu cha kutazama asiyumbe. Akaitazama ardhi mbele ya miguu yake. Mapigo yakapanda. Kwenye viti vya wazee Ruthu alikuwa amesimama, mikono yote miwili ameinyoosha mbele akiishusha chini, chini, kama mtu anayetuliza ng'ombe. Yakapanda tena. Emiliana aliona pale mahali panakuja, kama mtu aonavyo tuta barabarani, na unyayo wake ukaanza kuwasha.

Wenzake wanane wakapaa.

Yeye alibaki. Mabega yakashuka, viganja vikagonga, ardhi ikamjibu kwenye visigino. Na akiwa amebaki chini peke yake, aliona kitu ambacho katika miaka thelathini na tisa ya kupiga muheme hakuwahi kukiona, kwa sababu siku zote kilipotokea, yeye alikuwa hewani. Aliona mstari ukipaa. Aliona shanga zikielea mbali na shingo, na nyayo nyeupe za vumbi zikining'inia usawa wa magoti yake, kushoto na kulia, kama ndege waliokurupushwa shambani. Na mbele yake palikuwa wazi mpaka meza ya juu, ambako Sidonia alikuwa amesimama kwenye kiti na viatu vyake vya kukodi, akipiga kelele jina la mama yake kwa wakwe wote kusikia.

Wanawake wakatua. Emiliana alikuwa anacheka kiasi kwamba pigo lililofuata alilichelewa kidogo, na waliokuwa karibu walilisikia lile pengo. Akalikamata pigo la pili, akawaita wenzake kwa macho, na akaanza kuyapandisha mapigo tena, haraka, mapema kuliko ilivyo desturi, maana alitaka kuwaona wakipaa mara nyingine.